Mshumaa wa Mama na Bata wa Elkana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, kwa sababu mama mkwe wangu anarudishwa kwao Magunga Jumapili hii, jicho moja limefungwa bandeji na la pili bado halijapasuliwa, na mtu pekee katika nyumba hii anayejua kwamba mama huyo hana kosa ni mimi, na mimi nimenyamaza.

Wacha nianzie mwanzo usije ukanihukumu bure. Tunakaa Rongo, nyumba ya kupanga nyuma ya soko, mimi na mume wangu Elkana na mtoto wetu Liz. Elkana ana agrovet, anauza mbolea na dawa ya kupe, mtu mpole, alikuwa Mkatoliki akawa Msabato aliponioa, na kusema kweli sikuwa na malalamiko yoyote mpaka siku alipoleta ile mashine ya gemu. Ni mtumba kutoka Japani, kama gari, na kitabu chake cha maelezo ni cha Kijapani, kwa hivyo Elkana alikisoma kwa kutazama picha. Si gemu ya kukaa ukibonyezabonyeza kama ile ya vijana pale stendi, hii unashika rimoti unainua mkono unaelekeza kwenye TV, na kwenye kioo kuna kimkono cheupe kinachofuata mkono wako, na mbele ya TV unaweka kijiti cheusi chenye waya ambacho sikujua kazi yake. Bata wanaruka, wewe unawalenga. Basi, ni hivyo tu. Baba mzima mwenye ndevu, mchana anauzia watu chanjo ya kuku, jioni anawinda bata mpaka ugali unakuwa jiwe, ukimwambia Baba Liz karibu mezani anasema ngoja kwanza, kuna kundi linakuja. Ijumaa jua likizama anazima, maana Sabato ni Sabato, lakini Jumamosi jioni ukimwona amesimama mlangoni anatazama jua utadhani anasubiri mgeni kutoka ng'ambo.

Sasa Mama akaja. Huyu ni Mama Teresa, mamake Elkana, mjane, anaishi peke yake Magunga, macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na daktari akasema atapasua moja kwanza halafu lingine baadaye, na kwamba mgonjwa akae karibu na hospitali na awe na mtu wa kumtia dawa ya matone. Sitakudanganya, mshauri, sikushangilia. Mama ni yule mtu akionja ugali wako anauliza kwa upole kama unga ulikuwa umeisha. Alikuja na begi, rozari, mishumaa, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kwa vile kila msumari kwa ukuta wetu umeshikwa na kalenda ya kampuni za mbolea, picha akaiweka juu ya kabati la TV, kando kabisa ya kile kijiti cheusi, na kila jioni akawa anawasha mshumaa mbele ya picha, anakaa kwenye kiti chake anasali polepole. Elkana hakusema neno, ni mama yake, na pia macho yake yalikuwa kwa bata.

Siku za kwanza Elkana alikuwa akichelewa kufunga duka kwa sababu ya msimu wa kupanda, hakucheza. Msimu ulipotulia akarudi kwa bata wake, na hiyo jioni kimkono kikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, kinaruka pembeni, kinapotea, kinarudi juu chini, bata wanapita wanajiendea zao. Elkana akabadilisha betri. Akapangusa rimoti kwa shati. Akalaumu stima. Akapiga magoti akaiombea, naapa, mashine. Na Mama, na hayo macho yake yasiyoona vizuri, akageuka akamwuliza, "Elkana wuoda, mwanangu, ndege wote hao umeua, mbona mezani bado ni omena tu?" Nilikimbilia jikoni kwenda kucheka.

Mimi ndiye niliyegundua, mshauri. Mama alimaliza rozari akazima mshumaa, na papo hapo kimkono kikatulia. Kesho yake akawasha, kikaanza. Akazima, kikatulia. Nikafanya utafiti wangu Elkana akiwa dukani: tochi ya simu ukiiweka pale kimkono hakijali, hizi balbu mpya nyeupe hakijali, lakini koroboi kinaruka, na ile balbu ya zamani ya mviringo inayochoma vidole, nikiivuta na waya wake mpaka karibu na kabati, kinaruka pia. Mtu wa chuo kikuu hangefanya vizuri zaidi. Na sikusema, kwa sababu, mshauri, unajua nini kilitokea hizo jioni? Kabla Mama hajamaliza kusali Elkana alishachoka, akaweka rimoti chini akaja mezani. Alikula chakula cha moto. Alimsaidia Liz hesabu. Siku moja aliniuliza nimeshindaje, swali ambalo nilikuwa nimelisahau. Wewe ungesema?

Basi Mama akalazwa kwa ajili ya jicho la kwanza. Jioni hiyo mashine ikafanya kazi vizuri, bata walikufa kwa makundi, chakula kikapoa, na Elkana akaanza kusema, "Lakini hii kitu huharibika Mama akiwa hapa." Akampigia simu baba mdogo wake, Mzee Dishon, huko Magunga. Mzee akauliza swali moja tu, "Mama yako analala wapi?" Elkana akasema analala kwangu. Mzee akamweleza kwamba hiyo ni kwer, ni mwiko, mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, na mwiko ukivunjwa huleta chira, mkosi unaokula nyumba, na huanza na vitu vidogo. Hata hivyo Elkana alikuwa bado ana shaka. Alisema tungoje tuone.

Kesho yake jioni, Mama akiwa bado wodini, niliwasha mshumaa wake. Nilijiambia namwombea. Mimi, Msabato, hata hiyo rozari sijui inashikwa kutoka wapi. Kimkono kikaruka kuliko siku zote. Elkana akapauka, akampigia Mzee Dishon tena, na Mzee akasema sasa umeona, hata kama mwenyewe hayupo, imeshaingia kwenye nyumba, leo ni mashine, kesho ni duka, kesho kutwa ni mtoto. Elkana alipomtazama Liz nilijua mambo yamekuwa mambo, na mdomo wangu ukakataa kufunguka.

Mama alipotoka hospitali akaambiwa. Hakubisha. Alisema tu, "Sitaki kuwa ubaya kwa nyumba ya mtoto wangu." Jicho la pili linapasuliwa wiki ijayo na hatakuwepo, na huko Magunga hakuna wa kumtia matone, na daktari alisema mbele yetu sote kwamba kidonda kisipotiwa dawa jicho linaweza kufa kabisa. Jana alikuwa anafunga begi, nikaona mishumaa imebaki nje, nikamwambia Mama umesahau, akasema, "Hapana, nyathina, mtoto wangu, hiyo nakuachia. Uwe unamwashia Elkana jioni, naona kuna kitu kinamsumbua." Nikasema asante Mama. Sijui hata kwa nini nimekuandikia hilo.

Sasa mshauri nisaidie, nifanye nini Mama abaki, na Elkana asijue habari ya mshumaa maana hatanisamehe, na tafadhali kama inawezekana, bata wasirudi?

Ni mimi, Mwenye Kiberiti, Rongo.

Gesare anajibu:

Mwenye Kiberiti, hongera sana. Kwa miaka ninayokaa kwenye ukurasa huu nimeandikiwa na wake walioshindana na pombe, wakashindana na kamari, wakashindana na mwalimu wa kwaya. Wewe ni wa kwanza kushindana na bata wa TV, na ukawashinda, na kisha ukamtafuta mama mzee aliyefungwa jicho ukamwachia hasara. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaileta mbele. Usijisifu, nimefanya hivyo kwa ajili ya jicho la Mama.

Nianze na bwana. Huyu Elkana wako ni mcha Mungu wa ajabu. Ijumaa jua likizama anawapumzisha bata, wiki ikianza anapiga simu Magunga kuuliza chira. Mtu kama huyo hana siku ya mapumziko kwa kweli. Na hiyo kwer yake, hebu niulize, ilikuwa wapi usiku wa kwanza Mama alipolala hapo? Na wa pili? Wakati wa msimu wa kupanda, Elkana akiuza mbolea mpaka giza, kwer ilikuwa imelala fofofo pamoja na Mama, hakuna aliyesumbuliwa. Imeamka siku bata walipokoswa. Mimi ni Mkuria, siwezi kuwafundisha Wajaluo mila zao, nina zangu na zinanichosha. Lakini hata mimi najua mwiko hauangalii matokeo ya gemu kwanza ndipo ukasirike.

Nimemwuliza fundi wa TV, kwa sababu sikutaka kubahatisha na afya ya mtu. Utafiti wako ni sahihi. Kile kijiti cheusi kinatoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na rimoti ina kijicho puani kinachoutafuta huo mwanga ili ijue imeelekezwa wapi. Moto wa mshumaa unatoa mwanga wa aina hiyohiyo, koroboi pia, na balbu ya zamani pia, hata jua likiingia dirishani upande huo. Ukiwasha karibu na kijiti, rimoti inachanganyikiwa, haijui ifuate kipi. Mambo yameishia hapo. Hakuna mzimu, hakuna mkosi, kuna mshumaa. Katika nyumba yenu kuna kijicho cha rimoti na kuna jicho la Mama Teresa, na baada ya kushauriana na wazee mmeamua linalostahili kulindwa ni la rimoti.

Sasa njoo wewe. Usijifiche nyuma ya Elkana, yeye hajui. Wewe unajua. Unaniuliza kama mimi ningesema. Ule mshumaa wa kwanza, wa Mama mwenyewe, pengine ningenyamaza kidogo nile chakula cha moto na mume wangu, mimi pia ni binadamu. Najua ilivyo kukaa mezani na mtu anayekujibu akitazama kwingine, inakata maini, na kumtaka mumeo arudi mezani si dhambi ya Msabato wala ya Mkatoliki. Ungeweza kumwambia, "Elkana, nakutaka hapa." Hayo ni maneno machache, na hayahitaji kiberiti. Lakini ule mshumaa uliowasha wewe, Mama akiwa wodini, mumeo akiwa bado na shaka na amesema tungoje tuone? Alingoja, na ulichomwonyesha ni hicho. Wewe ndiwe uliyemtoa shaka. Halafu unaniambia mdomo ulikataa kufunguka. Pole. Mkono haukukataa.

Na nadhani hujafikiria jambo moja, kwa hivyo nitalisema bila mzaha. Mama anarudi Magunga, anaishi peke yake, na Mzee Dishon yuko hukohuko na simu yake. Neno kwamba mama huyu ameleta chira kwa mwanawe litafika kabla ya begi lake. Wewe na mimi tunajua mjane wa peke yake akishavalishwa neno la namna hiyo huwa inakuwaje. Watoto wanakatazwa kupita kwake, na siku mtu akifiwa na ng'ombe wanaanza kuangalia mlango wake. Ataishi na hilo, haoni vizuri, na hajui kosa lake. Unga wako mchache hautakuwa shida yake tena.

Unataka Mama abaki, Elkana asijue, na bata wasirudi. Agiza na mvua basi, maadamu tuko hapo. Utapata moja, na nimeshakuchagulia: Mama anabaki. Elkana atajua, na atakasirika, na ana haki ya kukasirika, mwache afoke mpaka achoke. Atakusamehe au atakununia, lakini hakuna daktari anayesema mume akinuna anakufa. Jicho linakufa. Na bata watarudi, samahani. Hilo mtalipanga kwa mdomo kama watu wazima, kwamba mashine haiwashwi kabla ya vyombo kuoshwa, na siku nyingine yeye ndiye anayeosha.

Usiende kumweleza Elkana kwa maneno matupu, maana atasema unamtetea Mama, na Mzee Dishon atasema umeshaliwa akili na hiyo chira. Mwonyeshe. Mwambie achukue rimoti awalenge bata wake, wewe washa, wewe zima, washa tena, zima tena, mpe kiberiti na yeye awashe kwa mkono wake, na Mama aende jikoni arudi, aende arudi, wote waone kimkono kinamfuata nani. Kisha apige simu Magunga, yeye mwenyewe, sauti kubwa, Mama akiwa anasikia, amwambie baba yake mdogo kwamba ilikuwa ni mshumaa na kwamba mke wake ndiye aliyewasha. Ndiyo, aseme hivyo. Jina lako likafike Magunga, lisafishe la mwenzako.

Kama Mzee atashikilia kwamba mwiko ni mwiko, mashine au bila mashine, usibishane naye, anaweza kuwa na haki yake. Watu wa Rongo wanajua kulimaliza hilo bila kumtupa mtu: Mama analala kwa jirani, asubuhi anavuka ua anakuja kwako kunywa chai, mchana kutwa yuko kwako, na mila imeheshimiwa. Sijui kama una jirani mwema, lakini kwa mwanamke aliyeweza kumtisha mume mzima kwa nta na utambi, kumwomba jirani kitanda hakuwezi kukushinda. Matone unamtia wewe. Si Liz, si jirani, wewe, saa zilezile alizosema daktari, na siku ya jicho la pili wewe ndiye unayekaa kwenye benchi la hospitali. Nyumbani, toa kalenda moja ya mbolea, Mama apate msumari wa picha yake, mbali na kijiti. Na ongeza unga.

Mwisho, unasema hujui kwa nini uliniandikia habari ya ile mishumaa aliyokuachia. Mimi najua, na wewe ukikaa kidogo utajua. Mwanamke anafukuzwa, haoni, na anafunga begi akiwaza jinsi mwanawe anavyosumbuka. Hakukuomba umtetee. Alikuomba kitu kimoja, umwashie Elkana mshumaa jioni, nawe ukasema asante Mama.

Basi fanya alivyokuagiza. Mwashie leo, Mama akiwa bado kwenye kiti chake, na Elkana akikutazama.